Mabuti ya Pango la Juu

Nilikuta buibui ndani ya buti, na hapo ndipo nilipojua kwamba mmeniangusha.

Ninaandika haya kwa ajili yenu mlioshika kazi ya popo baada yetu, na kwa wengine watakaokuja kuishika, na ninaandika nikiwa na hasira. Msinitafutie kiti cha kupumzikia. Mtu akistaafu anategemewa awe mpole, asimulie vituko vya zamani, vijana wacheke, halafu apewe soda. Vituko ninavyo na nitavisimulia, ila hasira mtaikuta humo humo, kwa sababu jambo lenyewe halijaisha. Pango la juu, lile lililo msituni kupita vihamba vya mwisho vya Nkoaranga, mashamba yetu ya migomba kwenye mlima Meru, lina ukoo wa popo ambao wakifa hakuna wengine wa kuja kushika nafasi yao. Hilo hatukulibahatisha, tulilifanyia kazi kwa miaka. Tukawaachia na njia ya kuwalinda, njia rahisi kuliko zote nilizopata kuziona katika kazi hii. Njia yenyewe ni mabuti ya mpira.

Siku hiyo nilikuwa nimepanda mlimani kuchukua ndizi. Naishi mjini, Kijenge, lakini kwetu ni Nkoaranga na ndizi za kununua sokoni bado zinanishinda. Nikapita kwa Mzee Elibariki. Kihamba chake ndicho kinachopakana na msitu, njia ya pangoni inapita uani kwake, na yeye ndiye mlinzi wa pango tangu enzi zetu. Nikampa shikamoo yake, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikaenda kuchungulia banda la vifaa kama kawaida yangu. Mabuti yalikuwa yamepangwa ukutani vizuri kabisa. Nikaingiza mkono kwenye moja nione kama limekauka. Ndani kulikuwa na utando wa buibui, mzima, haujachanika popote, na mwenyewe amekaa katikati.

"Mzee," nikauliza, "wageni wa mwisho wamekuja lini?"

"Wale wa nje? Si juzi juzi tu. Kundi kubwa, na magari."

"Waliingia na nini miguuni?"

Mzee Elibariki akaangalia migomba yake. "Muulize Godlisten. Yeye ndiye aliyewaleta. Mimi mabuti niliyatoa mpaka hapa uani, nikaambiwa niyarudishe."

Nilirudi mjini nikiwa nimesahau ndizi.

Sasa nitarudi nyuma, maana wengine wenu mtasema mama huyu anagombana kwa sababu ya viatu. Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Temu, Mchaga wa Marangu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye sasa ametangulia. Nilikuja kwenye kituo chetu cha utafiti wa popo na shahada yangu nikidhani nitapelekwa moja kwa moja pangoni. Bwana Temu akanipa ndoo, jiko la mkaa na dawa ya klorini. Wiki za kwanza sikuona popo hata mmoja. Nilichemsha mifuko, nilisugua nyavu, niliosha viatu vya watu wengine. Ofisi yetu ilinuka dawa kiasi kwamba wageni waliokuja kuuliza habari za popo walidhani wameingia maabara ya hospitali. Nikimlalamikia aliniambia, "Popo atakusubiri. Uchafu hausubiri." Kisha ananiongezea mifuko.

Sheria yake ilikuwa popo mmoja, mfuko mmoja. Ukimtoa popo wavuni unamweka kwenye mfuko wa kitambaa, na mfuko huo haumpokei mwingine mpaka umechemshwa. Ukiwachanganya wawili, ugonjwa wa mmoja umeshampa mwenzake, na vinasaba vyao umeshavichafua. Kwa hiyo mifuko ilihitajika mingi sana. Nilimpelekea fundi cherehani mmoja pale soko la Kilombero kitambaa cha pamba, akashona karibu yote, kazi safi, mshono wa ndani kama nilivyotaka ili kucha zisinase. Alipokuwa anamalizia akaniuliza ni ya kuwekea nini, mchele au maharage. Nikamwambia popo. Akainuka, akasukuma rundo lote kwangu kwa rula, akasema hiyo iliyobaki nikaishone mwenyewe. Tangu siku hiyo pale sokoni nikawa Mama Popo. Kuna wauza nyanya walionihudumia haraka ili niondoke.

Na ninyi mnaoshika popo kwa mkono mtupu ili mpige picha nzuri, nawaona. Simu zenu zinaniletea mpaka sebuleni. Glavu ziko wapi? Chanjo ya kichaa cha mbwa mmechoma wote au mmoja kawachomea? Bwana Temu angewatoa pangoni kwa masikio.

Sampuli yenyewe ni kitu kidogo. Unatandaza bawa mbele ya taa, unaiona mishipa yote ya damu, unatafuta mahali pasipo na mshipa, unabonyeza kikata ngozi. Unapata kiduara kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na tundu linaziba lenyewe baada ya majuma machache. Kiduara unakitia kwenye kichupa chenye spiriti. Namba unaiandika kwa penseli kwenye kikaratasi kinachoingia ndani ya kichupa, si kwa kalamu ya wino, maana spiriti inakula wino na utabaki na vichupa vya popo wasio na majina. Halafu unamwachia popo wako mahali ulipomtoa. Ni kazi ya jioni na ya alfajiri, ya magoti na mgongo, na nusu ya muda unangoja.

Majibu ya vinasaba ndiyo yaliyotufumbua macho. Kuna sehemu ya vinasaba ambayo mtoto hurithi kwa mama yake peke yake, na nyingine hurithi kwa wazazi wote wawili. Tulilinganisha popo wa pango la juu, wale wadogo wenye pua iliyokunjamana, na wenzao wa jamii ile ile tuliowakuta chini, kwenye maghala ya zamani yaliyoachwa upande wa Nduruma na kwenye mapango madogo ya huku kwetu. Upande wa mama, wa pango la juu walikuwa na asili yao peke yao ambayo hatukuiona mahali pengine popote. Upande wa wazazi wote wawili walikuwa wamechanganyika na wa chini. Maana yake ni kwamba majike hawahami. Anazaliwa pale, anazaa pale, anafia pale. Madume ndio wanaotoka kwenda kutafuta wenza mbali.

Nilimweleza Mzee Elibariki majibu hayo barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Kwa hiyo huko kwao binti ndiye anayebaki kihambani, na kijana ndiye anayeondoka?"

"Ndivyo, mzee."

"Basi ukoo huo hauna wazee."

Mkewe alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Hakuinua hata kichwa. "Au wazee wake wana akili," akasema.

Tulicheka sana, lakini Bwana Temu hakucheka. Alikuwa ameshaona lililo mbele. Majike wa pango la juu wakifa, hakuna majike wa Nduruma watakaopanda kuja kujaza nafasi. Pango litabaki tupu, na asili ile haitarudi tena duniani. Na wakiugua badala ya kufa, madume wanaotoka kila mwaka watashuka na ugonjwa mpaka chini. Kwa vyovyote vile, mlango wa kuulinda ni mmoja tu, nao ni ule wa pango.

Kuulinda dhidi ya nini? Fangasi. Ulaya na Amerika kuna fangasi wanaopenda baridi, wanaowaota popo kwenye pua na mabawa kama unga mweupe. Huko Ulaya popo wameishi nao na wengi hawafi. Amerika walipofika, na inaaminika ni mtu aliyewavusha bahari kwenye viatu au nguo zake, waliwamaliza popo kwenye mapango mengi. Popo wa huko hulala majira yote ya baridi kwa akiba ya mafuta mwilini. Fangasi wakimwasha anaamka, akiamka anaunguza mafuta, na chakula hakuna nje. Mapango mengi ya kwetu yana joto na fangasi hao wangeshindwa. La juu ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba hata popo wake hulala usingizi mzito siku kadhaa mfululizo, ukimgusa ni kama umegusa jiwe. Je, fangasi hao wangeweza kuishi humo? Sijui. Hakuna anayejua. Njia ya kujua ipo, ni kuwaleta halafu ukae uangalie, na mimi sitaki kuujua ukweli kwa njia hiyo.

Hapa namleta Godlisten. Alikuja kwetu kijana mwembamba, mtoto wa Kikwe, msomi safi na mwenye mkono mwepesi wavuni. Wa kwangu kabisa. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, ndoo na jiko kwanza. Alipoiva nikamtuma peke yake Kikwe kwao, akakague popo wanaoishi chini ya mabati ya nyumba ya mashine ya kusaga. Asubuhi akanipigia simu, sauti inatetemeka.

"Mama, wanao."

"Wanao nini?"

"Weupe. Puani na kwenye mabawa. Wote, mama. Hakuna aliyepona."

Bwana Temu alikuwa hai bado. Tukaingia kwenye gari, tukaenda. Tulimkuta Godlisten amefunga nyumba ya mashine, amezungusha kamba, na wanawake wenye ndoo za mahindi wamesimama nje wanamtukana kwa Kimeru na Kiswahili. Bwana Temu akavaa glavu, akatoa popo mmoja mfukoni, akamwangalia pua kwa lenzi. Akamgeuza. Kisha akanyoosha kidole juu ya ukingo wa dirisha, juu ya mashine, juu ya nywele za Godlisten. Kila mahali palikuwa peupe.

"Kijana," akasema, "hii ni sembe."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na sisi tukacheka, sitawaficha. Jina la Sembe likamganda Godlisten pale pale, likamfuata mpaka kituoni, na alilijibu kwa tabasamu. Nilidhani limemwingia kama mzaha unavyoingia. Bwana Temu alimtetea. Alisema yeye anamtaka mtu anayefunga mashine ya kijiji kizima kwa sababu ya unga kuliko anayepita bila kutazama. Nami nakubali. Laiti Godlisten yule ndiye angekuwa kazini siku ya wageni.

Mabuti yalikuja hivi. Tulipoelewa hatari, Bwana Temu alitaka kila anayeingia pango la juu aoshe viatu kwanza kwa maji ya moto na dawa, pale uani kwa Mzee Elibariki, na Mzee ndiye asimamie. Mzee alikataa. Si kwamba hakuelewa, alielewa vizuri sana.

"Mgeni amepanda mlima huu mpaka kwangu," alisema, "halafu mimi nisimame nimwambie miguu yako michafu? Hapana, Bwana Temu. Hilo mtafute mtu mwingine wa kulisema."

Walibishana mchana ule wote. Bwana Temu akapandisha sauti, Mzee akanyamaza, na mnajua wazee wa Kimeru wakinyamaza mjadala umekufa. Mvua ikanyesha ikatutoa uani. Tukakimbilia nyumbani. Mlangoni mama mwenye nyumba ameweka ndala, kila mmoja akavua viatu vyake vya tope, akavaa ndala, akaingia. Tukaletewa chai. Bwana Temu alikunywa, halafu nikamwona anaitazama miguu yake. Ameivisha ndala za bluu za mwenye nyumba, na buti zake za tope ziko nje, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba ni chafu.

"Mzee Elibariki," akasema taratibu, "mgeni ukimpa viatu vya nyumbani, umemtukana?"

Mzee akawaza. "Hapo nimemkaribisha."

Basi yakawa hayo. Pango likawa na viatu vyake kama nyumba ilivyo na ndala. Mabuti ya mpira, ovaroli, kofia ngumu, taa, vyote ni vya pango na havishuki mlimani. Mgeni anavua vyake uani, anavaa vya pango, anaingia, anatoka, anavirudisha, na Mzee anaviosha kwa maji ya moto na dawa na kuvianika juani. Tuliwapokea wataalamu, wanafunzi, wakubwa, watalii. Hakuna aliyenuna hata mmoja. Wengine walipiga picha na mabuti. Kwa miaka yote hiyo hakuna tope la nchi nyingine lililovuka kihamba cha Mzee Elibariki, na ninaandika hivyo nikijua kwamba sasa siwezi kuendelea kulisema.

Mabuti yakazeeka, kama sisi. Yalipoanza kutoboka tuliyapeleka kwa fundi baiskeli pale Tengeru, akayatia viraka vya mpira mwekundu. Viraka vyekundu kwenye buti jeusi havipendezi. Lakini maji hayaingii.

Niliporudi kutoka kwa Mzee siku ile ya buibui, nilimpigia Godlisten nikamwambia aje. Siku hizi ndiye mkuu wa kitengo, ana ofisi na viatu vinavyong'aa. Alikuja jioni ile ile.

"Shikamoo, mama."

"Kaa," nikamwambia.

Alielewa. Mtu akikupa shikamoo ukaimeza bila kuijibu, hana haja ya kuambiwa zaidi. Akakaa kwenye ncha ya kochi.

"Wale wageni ni watu wa mapango," akaanza. "Wametembea mapango ya nchi nyingi. Walikuja na vifaa vyao, vya kisasa kabisa, mama. Nikawafikisha uani. Mzee akaleta yale mabuti."

"Yale mabuti."

"Yana viraka. Viraka vyekundu. Mkubwa wao akayaangalia, akatuangalia sisi. Hakusema kitu. Mama, niliona aibu. Nikajiona nimesimama pale na mabuti ya viraka mbele ya watu wale, nikasema basi, piteni tu na vya kwenu."

"Viatu vyao vilikuwa visafi?"

Akainamisha kichwa. "Mmoja alinionyesha tope kwenye soli. Alikuwa anajivunia. Akasema ni la pango moja la kwao."

Sijui kama mnaelewa jinsi nilivyojisikia. Angekuwa hajui ningemfundisha, ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Godlisten anajua kila kitu. Anajua vinasaba vile kuliko mimi, majibu ya mwisho ni yeye aliyeyachambua. Anajua fangasi wanaweza kukaa kwenye tope kavu miaka. Anajua majike wale hawana dada zao mahali pengine. Alijua yote hayo akiwa amesimama uani pale, na akaruhusu tope lile lipite kwa sababu ya kuona haya mbele ya mgeni. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia mengine pia ambayo sitayaandika. Nilimwambia Bwana Temu alimtetea bure. Hilo la mwisho lilimtoa machozi, na sikumbembeleza.

"Mlinicheka kwa sababu ya sembe," akasema akiwa mlangoni, kwa sauti ndogo. "Toka siku ile nikiwa mbele ya watu naogopa kuchekwa."

Nikamwambia popo hawajali nani kamcheka nani, nikafunga mlango. Usiku huo sikula. Nilimkasirikia, na kwa hilo la sembe nikajikasirikia kidogo na mwenyewe, halafu nikarudi kumkasirikia yeye.

Kituo kilifunga pango, na hilo nawapongeza. Wakapangusa pua na mabawa ya popo kwa pamba, wakachukua na udongo wa chini, wakapeleka kupimwa. Majibu ya kwanza hayakuonyesha kitu. Nilimshukuru Mungu kwa magoti. Lakini jibu la kwanza si jibu. Fangasi wakianza huanza wachache, na pamba inaweza kuwakosa, kwa hiyo mtarudia, na mtarudia tena, na kila mwezi wa sita mtaingia pangoni roho ikiwa mkononi. Hiyo ndiyo kazi mnayoirithi kwa sababu ya kuonea haya kiraka.

Baada ya siku kadhaa Mzee Elibariki alishuka mjini, jambo asilolipenda, akaja kwangu na Godlisten nyuma yake. Godlisten alikuwa ameshika isale. Ninyi mliokulia mbali na mlima mtalijua kwa sura, ni ile mimea ya majani marefu ya kijani iliyozunguka vihamba vyetu na kuonyesha mpaka wa mtu na jirani yake. Kwetu mtu akikukosea akakuletea isale, tena mbele ya mzee, unampokea. Hukatai. Watu wamesamehe makubwa kuliko haya kwa ajili ya jani hilo.

Nilikaa nikilitazama. Mzee Elibariki hakuniharakisha.

"Mama Popo," akasema hatimaye, "mtoto ameleta."

"Naona, mzee."

"Basi?"

"Basi nalipokea," nikasema, "kwa sababu sikulelewa vibaya. Lakini aliyekosewa si mimi. Wale wa juu hawajui isale. Siwezi kusamehe kwa niaba yao."

Godlisten akaninyooshea lile jani. Nikalipokea, nikamuuliza kama limekatwa na shina lake. Akasema ndiyo, na shina. Nikamwambia twende mlimani.

Tulilipanda kwenye njia, pale uani kwa Mzee, mbele ya banda la mabuti. Isale halibembelezwi, ukilichomeka kwenye udongo wa Meru linashika. Nilimfanya Godlisten achimbe mwenyewe na viatu vyake vinavyong'aa. Nikamwambia, hapa ndipo mpaka ulipo, na viatu vya mtu yeyote vinaishia hapa. Akaitikia, nikamwacha hapo. Kuitikia ni rahisi.

Pango lilipofunguliwa tena kwa watafiti, mimi niliitwa nikakague taratibu, ingawa najua niliitwa ili ninyamaze. Siku hiyo alikuja pia mkubwa mmoja wa mjini, suti, viatu vya ngozi, na watu wake wa kumfungulia milango. Godlisten alitangulia mpaka kwenye isale, akasimama. Nilikuwa kando na Mzee Elibariki.

"Karibuni," akasema. "Viatu vyenu vinapumzika hapa. Mtapewa vya pango."

Mzee akaleta mabuti. Mheshimiwa akachukua lake, akaligeuza, akaona kiraka chekundu. Watu wake wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo.

"Hamna mengine?" akauliza mheshimiwa.

Nikamwangalia Godlisten. Nilijisemea moyoni kwamba nikisikia neno "piteni" naanza mimi kupiga kelele, mbele ya suti na kila kitu.

"Hakuna mengine, mheshimiwa," Godlisten akasema. Sauti ilitetemeka kama ile ya simu ya Kikwe. "Haya ndiyo ya pango. Bila haya hakuna anayeingia."

Mheshimiwa akamwangalia, akaliangalia buti. Kisha akakaa kwenye benchi la Mzee, akaanza kufungua kamba za viatu vyake. Aliyecheka naye akakaa.

Godlisten akaja niliposimama. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Shikamoo, mama."

Nilimtazama toka kichwani mpaka chini. Kwa wasiwasi wote ule alikuwa bado na viatu vyake vya ofisini.

"Marahaba, Sembe," nikamwambia. "Na vyako, vua."